Ngazi ya Lamineti na Jina la Watu Wawili

Jumamosi, 16 Agosti. Manyunyu tangu asubuhi, baridi ya kuvaa sweta mbili, na mlima haujaonekana wiki nzima.

Leo naapa kueleza yote hapa kwenye blogu. Baba ameniomba kwa upole niruke sehemu moja. Nimemwambia kwamba mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kuwa shajara inaweza kunyamaza lakini haiwezi kudanganya, naye akasema basi inyamaze. Haitanyamaza. Nitaeleza kwa heshima, lakini nitaeleza.

Muda ninao. Gesi imeisha, chai iko kwenye jiko la makaa, na makaa yenyewe yalinyeshewa. Chai hiyo ni ya Cucu, nyanya yangu. Nikimpelekea itabidi nijibu swali aliloniuliza, na bado sijui nitajibu nini.

Kwa hiyo naanza mwanzo.

Cucu ni mama yake mama. Anaishi Kianyaga peke yake, na kahawa yake na kuku wake. Goti lilipoanza kumsumbua, mama alimleta kwetu Nyeri ili awe karibu na kliniki. Mama ni muuguzi. Hakumwomba Cucu aje, alimbeba. Dada yangu Njeri yuko chuoni, na kitanda chake kilichomo chumbani mwangu ni kitupu, kwa hiyo nilikitandika mwenyewe. Niliweka blanketi nzito na chupa ya maji moto. Hata nilihamisha vitabu vyangu ili apate pa kuwekea Biblia yake.

Cucu hakukiona kitanda hicho. Nyumba yetu ni moja ya zile nyembamba zilizopangwa ukuta kwa ukuta: chini sebule na jikoni, juu vyumba vya kulala. Alipofika aliitazama ngazi kwa muda, akaketi kwenye kochi, akaweka mfuko wake karibu na mlango.

"Ngazi ya nyumba ya wenyewe haipandwi hivi hivi," akasema.

Akalala kwenye kochi. Amelala hapo tangu siku hiyo. Mfuko wake haujawahi kufunguliwa zipu zaidi ya kiasi cha kuingiza mkono. Nilipomsihi apande, aliniambia, "Mtu wa kulala kwa kochi ni mgeni, na mgeni hurudi kwao." Na kweli, kesho baada ya ibada mjomba anakuja na pikapu yake kumrudisha Kianyaga. Goti halijapona. Huko hakuna wa kumgongea mlango asubuhi kuona kama ameamka.

Sitaki aende. Hilo ndilo jambo lenyewe. Mengine yote hapa chini ni gundi na mchele.

Baba alikuwa na maelezo yake kuhusu kochi. "Mama anaogopa hiyo simiti," alituambia jikoni, kwa sauti ya chini. "Ni baridi, inateleza, na yeye ni mtu mzima. Mtu mzima anataka mbao." Ngazi yetu ilikuwa ya simiti tupu, na ni kweli kwamba asubuhi za Agosti ilikuwa inauma nyayo. Mama alimtazama kama anayetaka kusema kitu, kisha akatazama saa, akaenda zamu.

Baba anauza mchele. Ana duka upande wa Majengo, na mzigo huuchukua Wang'uru, pishori yenye harufu inayonifuata hadi kwenye sare ya shule. Ni mtu mwema na mwenye haraka. Aliona kwenye simu vidio ya mzungu mmoja akibandika lamineti kwenye ngazi ya nyumbani kwake huku akipiga mluzi, na kabla mluzi haujaisha baba alikuwa ameshaamua.

"Ni kazi ya kubonyeza tu," aliniambia. "Tak, tak, imeingia. Fundi ni wa nini?"

Lamineti, kwa asiyeijua, si mbao hasa. Ni unga wa mbao ulioshindiliwa hadi ukawa ubao mwembamba, kisha juu yake pakabandikwa picha ya mbao. Nilimweleza Cucu hivyo hivyo makasha yalipofika.

"Kwa hivyo ni picha," akasema.

"Ni picha ngumu, Cucu."

Alichukua ubao mmoja, akauweka kando ya mwingine, akaonyesha kwa kidole alama moja nyeusi, jicho la mti, lililokuwa mahali pale pale kwenye zote mbili. "Huu mti ulizaa mapacha."

Ndani ya kasha kulikuwa na kikaratasi cha maelekezo kwa lugha nyingi. Kiswahili hakikuwemo, kwa hiyo nilipewa kazi ya kutafsiri, na niliifurahia sana. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba mbao zikae ndani ya nyumba siku mbili kabla ya kubandikwa, ili zipate joto na unyevu wa mahali. Niliandika, "Zilale na kuizoea nyumba," nikamsomea baba kwa sauti.

Cucu alikuwa kwenye kochi akimenya viazi. "Zilale wapi?"

"Hapa sebuleni, Cucu. Sakafuni."

Alizitazama zikipangwa mbele ya miguu yake. "Basi tuko wengi."

Jioni nilimkuta amezifunika kwa leso yake. Ati usiku kuna baridi. Asubuhi aliniuliza kama zimezoea, nikamwambia bado.

"Hata mbao zinapewa siku za kuzoea," akasema, akarudi kwa viazi vyake. "Ni vizuri."

Sikujua kama ni mzaha. Uso wa Cucu hautoi risiti.

Sehemu iliyonisumbua zaidi kutafsiri ilikuwa ule ukingo wa mbele wa kila kidato, pale unapojitokeza kidogo. Kwa Kiingereza jina lake limetokana na pua. Nilifikiria sana, kisha nikaandika pua. Tangu hapo nyumba yetu ilizungumza habari za pua tu. Baba alisema pua moja imekuja na mkwaruzo. Mama alisema pua zikazwe vizuri watu wasije wakajikwaa. Cucu aliniuliza, kama ngazi ina pua, na baridi ni hii ya Nyeri, je, haishikwi na mafua?

Hapa lazima nieleze jambo ambalo wasomaji wa mbali huenda hawalijui. Kwetu Wakikuyu, mtu na mama mkwe wake wana heshima yao, inaitwa thoni. Siku hizi wengi wameilegeza. Nimeona hata wanaokumbatiana nje ya kanisa. Baba hajailegeza kwa sababu alilelewa na babu yake. Cucu hajailegeza kwa sababu Cucu halegezi kitu. Hawapeani mikono ovyo. Hawakai kochi moja. Hawaitani majina, Mungu aepushe. Na hawaambiani jambo moja kwa moja kama kuna mtu wa kupitishia.

Mtu wa kupitishia ni mimi.

"Muulize baba yako kama chumvi imetosha," Cucu husema, na baba ameketi pale pale, kijiko mkononi.

"Mwambie Mama chumvi iko sawa kabisa."

Mimi hufungua mdomo, na kabla sijasema neno Cucu hutikisa kichwa kwamba amesikia. Nisipokuwepo humtumia paka. Siku moja nilirudi kutoka dukani nikamkuta baba akimweleza paka kwamba kesho kutakuwa na kelele ya msumeno, na Cucu akimjibu paka kwamba kelele si neno, mradi kazi iende.

Tatizo kubwa zaidi ni jina langu. Mimi ni msichana wa pili, na kwa desturi yetu msichana wa pili hupewa jina la mama yake mama. Kwa hiyo mimi ni Muthoni na Cucu ni Muthoni. Na jina lenyewe, kana kwamba hayo hayatoshi, maana yake ni mkwe. Baba hawezi kusimama katika nyumba ambamo mama mkwe wake ameketi, akapaaza sauti, "Muthoni, toa takataka." Tangu Cucu afike ananiita Tabitha, jina langu la ubatizo, ambalo nililisikia mara ya mwisho kutoka kwa mchungaji. Mara nyingi siitiki. Si ukaidi. Ni kwamba sijui ni mimi.

Leo asubuhi mama alienda zamu na baba akavaa koti lake la dukani. Zile sehemu za wima, nyuso za vidato, alizibandika jana. Leo ilikuwa zamu ya sehemu za kukanyagia. Kikaratasi kilisema uanzie juu ukishuka. Nilimsomea, kisha nikamsomea tena.

"Tabitha," akasema, "nyumba inaanza na msingi. Umewahi kuona nani akijenga kutoka kwa paa?"

Akaanzia chini.

Kazi yenyewe inapendeza kuitazama. Gundi hutoka kwenye mrija mnene unaobanwa kwa kifaa chenye kifyatuo kama bunduki. Unaichora kwenye simiti kama mtu anayeandika herufi kubwa, unalaza ubao, unaupigapiga kwa kiganja, unakaza pua, kisha unaukandamiza kwa kitu kizito hadi gundi ishike. Mzungu wa kwenye vidio alikuwa na vyuma maalumu vya kukandamizia. Baba alikuwa na mchele. Kila kidato alichomaliza alikiketishia gunia dogo la pishori. Ukitazama kutoka mlangoni, ngazi yetu ilikuwa kama kanisa lililojaa waumini wanene, wote wametulia wakingoja mahubiri.

"Hao wamekuja mapema," Cucu akasema.

Karibu na saa ya chakula, baba alibandika kidato cha mwisho, akaweka gunia la mwisho, akasimama juu akijipangusa mikono. Akaangalia kazi yake kwa furaha. Kisha akageuka ashuke.

Nilimwona akielewa.

Mbele yake kulikuwa na ngazi nzima ya gundi mbichi. Hakuna pa kuweka mguu. Baba aliyatazama magunia, na magunia yakamtazama.

"Tabitha," akasema polepole, "hiyo karatasi inasema gundi inakauka baada ya muda gani?"

Nikamsomea. Baba akaketi sakafuni huko juu, akaegemea ukuta kama mtu aliyekosa gari la mwisho.

Chakula cha mchana tulimpelekea kwa ndoo. Aliteremsha kamba ya kuanikia nguo kupitia reli ya juu, mimi nikafunga ndoo, na ndani yake sahani ya mukimo iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Cucu alisimamia kazi hiyo, mkono kiunoni, kama anayesimamia kisima.

"Muulize baba yako kama imefika."

"Mwambie Mama imefika, na ni tamu sana."

"Mwambie atuangalizie huko juu. Akiona wezi wa kahawa aseme."

Baba alicheka kabla sijapitisha ujumbe. Ile haikuwa kawaida. Kwa desturi yeye hungoja.

Niliona Cucu akiitabasamia sufuria. Nikawaza, labda akae wiki moja zaidi. Kisha nikauona mfuko wake mlangoni, umefungwa zipu, na raincoti yake imekunjwa juu yake tayari kwa kesho.

Alasiri nilienda nyuma ya nyumba, penye tangi la maji, kujaribu kutoa gundi kwenye nywele zangu kwa mafuta ya kupikia. Iliingia lini, sijui. Ndiyo sababu sikuona mwanzo wa yaliyofuata. Sehemu niliisikia, na sehemu baba alinieleza baadaye, ingawa hakutaka.

Gundi ilipokauka, baba alianza kuondoa magunia, mara hii kutoka juu, kwa kuwa ndiko alikokuwa. Gunia la kwanza halikutoka. Gundi ilikuwa imefurika pembeni, karibu na pua, ikalishika chini. Akavuta. Gunia likavuta. Akatia mguu ukutani na kuvuta kama anayeng'oa jino la ng'ombe, na gunia likapasuka kuanzia matako hadi mdomo.

Mchele ukaanza kushuka.

Niliusikia hadi kwenye tangi, sauti kama mvua ya mawe juu ya mabati. Ulikuwa pishori safi, umekwisha kupembuliwa, umeagizwa na watu wa harusi. Uliruka kidato hadi kidato, ukazunguka magunia mengine kama maji yanavyozunguka mawe, ukatua sebuleni. Na baba, ambaye tangu Cucu afike hakuwa ameteleza ulimi hata mara moja, alifungua mdomo na likatoka jina ambalo ulimi wake umelizoea.

"Muthoni! Wewe Muthoni! Panda huku juu haraka na karai!"

Nadhani hata mchele ulisita.

Nilikimbia, mafuta yakinitiririka shingoni. Nilipoingia sebuleni kochi lilikuwa tupu. Cucu alikuwa kidato cha tatu.

Mimi pia niko kidato cha tatu, shuleni, lakini sijawahi kukifikia kwa namna ile. Alikuwa amevua raba zake na kuziacha chini, zimepangwa sawasawa kama za mtu anayeingia mahali patakatifu. Aliketi kwenye kidato kimoja, akazoa mchele kwa kiganja, akautia karaini, kisha akashika gunia lililofuata kama mtu anavyoshika bega la mwenzake akipita kwenye safu za kanisa, akajiinua hadi kidato cha juu yake. Goti bovu lilikuwa limenyooka mbele. Hakuwa na haraka. Hakuacha punje.

"Cucu, shuka, nitazoa mimi," nikasema.

"Kwani umeitwa wewe?" akauliza bila kugeuka.

Nikaanza kuokota punje zilizokuwa miguuni pangu.

"Basi kama hujaitwa, leta karai lingine. Hili linajaa."

Huko juu baba alikuwa amesimama na gunia lililopasuka mkononi. Alikuwa na rangi ya simiti. Nilijua anachofikiria, kwa sababu nami nilikuwa nakifikiria. Alikuwa amemwita mama mkwe wake kwa jina, tupu, bila hata Mama mbele yake. Alikuwa amemwambia "wewe". Alikuwa amemtuma karai. Kwa wazee wetu, kosa kama hilo hutozwa mbuzi, na sijui kama kuna aliyewahi kuyafanya yote matatu kwa pumzi moja.

Cucu alifika juu. Akasimama, akanyoosha mgongo. Baba alijibandika ukutani vizuri kuliko alivyobandika lamineti, na kwa kisigino akausukuma mlango wa chumba chao hadi ukafunga. Mlango huo ndio wa kwanza ukimaliza ngazi. Huwezi kwenda chumbani kwangu bila kuupita.

Nilimwona Cucu akiutazama mlango ukifungwa, na ndipo nikaelewa, mimi ambaye hupata alama nzuri katika ufahamu. Hakuwahi kuogopa simiti. Mama mkwe hapandi kwenda mahali ambapo mume wa binti yake hulala, akapita mlangoni pake kama anayepita sokoni, ikiwa mwenye nyumba hajamwita kwa kinywa chake mwenyewe. Mama alimwita. Mimi nilimwita mpaka nikachoka. Baba aliniambia nimwambie. Lakini mwenyewe, kwa heshima yake yote, hakuwahi kumwita. Alimnunulia ngazi nzima badala ya kusema neno moja.

"Baba Njeri," akasema Cucu. Moja kwa moja. Bila mimi, bila paka. "Umeniita, nimekuja. Nimekuwa nikingoja uniite."

Baba alilishika gunia vizuri. Punje chache zilianguka kutoka mkononi mwake. Nilimtazama kwa macho yote niliyo nayo.

"Karibu juu, Mama," akasema.

"Asante. Karai ndilo hili."

Akapita. Nilisikia mlango wa chumba changu, kisha springi za kitanda cha Njeri.

Baba aliamua kushuka kwa heshima, kama mtu ambaye kila kitu kimekwenda alivyopanga. Alisahau kwamba lamineti mpya ni nyororo, kwamba bado kulikuwa na punje huku na huku, na kwamba alikuwa amevaa soksi. Aliketi bila kupanga. Alishuka kidato baada ya kidato kwa makalio, akalikumbatia gunia la kwanza alilolikuta, gunia likakubali kwenda naye, na wakafika sebuleni pamoja, baba amelipakata kama mtoto wa kubatizwa.

Tulingoja kuona kama ameumia. Hakuwa ameumia.

"Muthoni," sauti ikasema kutoka juu, "mwambie baba yako avue soksi."

"Mwambie Mama nimesikia," akasema baba kutoka sakafuni.

Basi tukajua kwamba mambo yamerudi kwenye desturi, ila sasa sauti moja ilikuwa ghorofani.

Baba alitoka akampigia mama simu nyuma ya tangi. Mimi nilikuwa nimerudi huko kumalizia nywele, kwa hiyo nilisikia, na ningesikia hata kama ningekuwa barabarani, kwa sababu mama alicheka hadi simu ikakwaruza.

"Hii ni mbuzi?" baba akauliza.

"Hiyo si mbuzi, Baba Njeri. Hiyo ni mbuzi na nusu. Sasa usiseme kitu mpaka nitoke zamu."

Alipomaliza, baba aliniona. Alitaka kuniita, akasita katikati ya majina yangu mawili, akachagua kutonipa lolote. "Hiyo usiweke kwa blogu," akasema.

Nimeiweka. Baba, ukisoma hapa, ujue kwamba ngazi yako ni nzuri. Pua zote zimenyooka.

Sasa nifike kwenye swali.

Nilimpelekea Cucu maji ya kunywa. Alikuwa ameketi kwenye kitanda cha Njeri, karai magotini, akichambua mchele upya kwa sababu ulikuwa umeingia vumbi la msumeno. Mbele yake lilikuwa dirisha langu, linaloelekea mlima, na leo linaonyesha ukungu tu. Alisema ni dirisha zuri. Aliniambia nimletee mfuko wake. Nilikimbia kuuleta, nikauweka kando ya kitanda. Hakuufungua.

"Muthoni wangu," akasema, "nataka kumpigia mjomba wako nimwambie kitu kimoja tu. Ama kesho akuje na kuku wangu, ama akuje abebe huu mfuko."

"Aje na kuku," nikasema, haraka mno.

"Ngoja. Kwanza uniambie. Baba yako alikuwa anamwita Muthoni yupi?"

Nilimwambia naenda kuangalia chai.

Hakukuwa na chai. Ndipo nikashuka nikawasha jiko.

Tangu wakati huo nimekaa hapa kwenye kidato cha chini kabisa, na nimelipima jibu kwa kila upande kama baba alivyopima mbao. Nikimwambia ni yeye aliyeitwa, nitakuwa nimedanganya. Nikimwambia ni mimi, basi hakualikwa, na mtu ambaye hakualikwa anaijua njia ya Kianyaga. Lakini "Karibu juu, Mama" haikuwa ya kukosea. Hiyo nilisikia kwa masikio yangu, na baba hakuwa na haja ya kuisema. Angeweza kusema, "Samahani, nilikuwa namwita mtoto."

Kuna jambo moja zaidi. Aliponiuliza swali lile, nilimtazama Cucu vizuri. Nimesema uso wake hautoi risiti. Lakini kona moja ya mdomo ilikuwa imepanda. Kidogo tu, kidato kimoja.

Huenda anajua. Huenda alijua tangu akiwa kwenye kochi, jina lilipopita juu ya kichwa chake likinitafuta mimi kule kwenye tangi, na akaona kwamba akilisubiri la kwake halitakuja kabla ya mjomba. Kwa hiyo akaitika hilo lililokuwepo.

Chai imechemka.

Jibu nililopata ni hili: "Cucu, baba aliita Muthoni, na Muthoni akapanda." Nimelisoma mara nyingi na sijaona neno lisilo kweli ndani yake. Nimevua soksi. Nimeshika kikombe, na ngazi yetu si ndefu. Wewe unayesoma, hasa kama nawe umepewa jina la nyanya yako, nijibu kabla sijafika juu: ukweli wa namna hiyo unatosha?